Mwalimu wa Safonkovo na Wanafunzi Wake

Yupo mtu mmoja wa nchi ya Urusi ambaye twataka kuwapasha wasomaji wetu habari zake. Jina lake Alexei Venetsianov. Hakuwa mfalme wala jemadari, wala hakuvumbua chombo cho chote. Kazi yake ilikuwa kuchora picha za rangi: wanawake wavunao, mtoto mwenye shoka begani, farasi katika shamba lililolimwa, mchungaji aliyeshikwa na usingizi kando ya kijito. Waandikao tarikhi ya sanaa humweka pamoja na wachoraji wa zama ziitwazo za Romantiki, yaani miaka ile ya mwanzo wa karne ya kumi na tisa, ambapo watu wengi wa Ulaya walianza kuona ya kuwa mashamba na mawingu na uso wa mtu wa kijijini ni vitu vistahilivyo kutazamwa kwa heshima. Lakini sisi hatukumchagua kwa ajili ya picha zake tu. Tumemchagua kwa kuwa alikuwa mwalimu, na wengi wa wanafunzi wake walikuwa watu wasio huru. Aliwafundisha kutazama. Yaliyowapata baada ya kujifunza kutazama ndiyo hasa tunayotaka kuyasimulia.

Venetsianov alizaliwa mjini Moscow mwaka 1780, katika nyumba ya mfanya biashara. Alipokuwa kijana alikwenda St. Petersburg, uliokuwa mji wa wafalme siku zile, akapata kazi ya serikali ya kupima ardhi na kuchora ramani. Saa za kazi alikuwa mtu wa kalamu na rula. Saa zake za faragha alijifunza kuchora kwa Borovikovsky, fundi mashuhuri wa kuchora nyuso za wakubwa. Mwaka 1808 alianzisha gazeti la picha za kuchekesha. Katika mojawapo alimchora mkubwa mmoja asiyejali watu waliokuja kumletea haja zao. Serikali haikucheka, gazeti likapigwa marufuku upesi. Hata hivyo sifa yake iliongezeka, na mwaka 1811 Akademia ya Sanaa ya Kifalme ikampa cheo miongoni mwa mafundi wake. Mtu mwingine angetulia hapo, akala mshahara wake na kuchora majemadari. Yeye aliacha kazi ya serikali mwaka 1819, akahamia Safonkovo, shamba lake katika jimbo la Tver, lililo katikati ya Moscow na St. Petersburg.

Msomaji hawezi kuzielewa habari zifuatazo asipojua kwanza jinsi watu wa mashamba walivyokaa katika Urusi ya siku zile. Zaidi ya watu milioni 20 walikuwa mali ya mabwana wenye mashamba. Hawakuletwa kutoka nchi ya mbali kwa majahazi. Wengi wao walikuwa Warusi kama mabwana wao, walibatizwa katika kanisa lile lile, na alfajiri ya Pasaka bwana na mtumishi waliamkiana kwa salamu ile ile ya kuwa Kristo amefufuka. Lakini mwenye shamba aliweza kumwuza mtu wake; aliweza kumtoa aende jeshini kwa miaka 25; aliweza kumpeleka Siberia asirudi tena; wala kijana hakuweza kuoa pasipo idhini ya bwana. Katika habari hizi tutawaita watu hao watwana, kwa kuwa hatuna neno lililo karibu zaidi. Mtwana mwenye kipawa alikuwa na thamani kubwa kuliko mwenzake wa jembe. Mabwana wengine walikuwa na watwana wapiga zeze, wapishi, waigizaji wa michezo, na wachoraji, wakajivunia hao kama mtu ajivuniavyo farasi mzuri.

Venetsianov naye alikuwa mmoja wa mabwana hao. Hili hatutalificha. Watu waliolima Safonkovo walikuwa wake kwa sheria, na mikate aliyowalisha wanafunzi wake ilitoka katika jasho lao.

Basi, yapata mwaka 1820, Venetsianov aliingia katika jumba la picha la wafalme liitwalo Hermitage, akasimama mbele ya picha ya Mfaransa aitwaye Granet. Picha ile yaonyesha kanisa la watawa Wakapuchini mjini Roma: ukumbi wa giza, dirisha mwishoni, na nuru iingiayo humo ikiwagusa watawa mmoja baada ya mmoja. Alistaajabu, kwa maana vitu vilivyomo havikuonekana kama vimechorwa, bali kama vipo. Akairudia picha ile na kuikazia macho, akijiuliza jambo hili limewezekanaje. Mwisho akaondoka na shauri moja moyoni: kuchora kitu kama kionekanavyo, kwa kutii kitu chenyewe tu, pasipo kuazima mtindo wa fundi ye yote, hata awe mkubwa namna gani.

Akalichagua banda la kupuria nafaka. Kule Urusi mvua na theluji huwahi kuja, kwa hiyo miganda ya nafaka haipuriwi uwanjani penye jua, bali ndani ya banda kubwa la magogo. Banda kama hilo ni la giza. Ukisimama ndani waona sehemu ndogo tu. Ukisimama nje huoni kitu. Venetsianov akaagiza ukuta mmoja wa banda ukatwe kwa msumeno na kuondolewa wote, apate kuketi nje na kuona ndani hata mwisho. Twawaza jinsi wakulima walivyosimama wakitazama magogo yale yakianguka! Banda la kupuria ni kitu cha thamani kijijini, na huyu bwana analipasua kwa ajili ya picha.

Lakini picha ikatoka. Sakafu ya mbao yakimbia kutoka miguuni pa mtazamaji mpaka kule mbali, kila ubao ukizidi kuwa mwembamba kadiri uendavyo. Nuru yaingia kwa mbele palipokatwa, na tena kwa mlango wa upande, na tena kwa nyuma. Mahali inapopita pana joto, na mahali isipofika pana kivuli chenye kina. Kuna farasi, kuna marundo ya nafaka, kuna wanawake walioketi na wanaume waliosimama. Tukisema kweli, watu hao wamesimama kama walioambiwa wasitikisike, na bila shaka ndivyo walivyoambiwa. Fundi alikuwa bado anajifunza. Hata hivyo, kabla ya siku ile mkulima wa Urusi alikuwa amechorwa kwa nadra, na mara nyingi kama kichekesho au pambo la ukingoni. Hapa amesimama katikati ya kazi yake, wala hakuna bwana pichani. Mwaka 1824 Kaisari Alexander wa Kwanza aliinunua picha hiyo kwa rubli 3000.

Fedha ile ilimfaa sana, kwa sababu Venetsianov alikuwa ameanza kupokea wanafunzi nyumbani kwake. Hawakulipa ada. Aliwalaza, akawalisha, akawapa rangi na turubai, na majira ya baridi aliweza kuwachukua mjini wakaone picha za mafundi wakubwa. Kwa miaka yote waliopita mikononi mwake walikuwa wapatao 70. Wengine walikuwa watoto wa mafundi maskini wa miji midogo, na wengi walikuwa watwana au wana wa watwana. Nyumba yake ilikuwa karibu mlango pekee uliowafungukia hawa, maana Akademia, tangu mwaka 1817, haikumpokea mtwana asiyekuwa na hati ya uhuru.

Tuitazame kidogo njia yake ya kufundisha, maana hapa sisi tulio walimu tuna la kujifunza. Katika Akademia mwanafunzi alianza kwa kunakili picha zilizochapwa: leo jicho, kesho sikio, mwezi ujao mkono. Akishahitimu hayo alinakili sanamu za plasta za mashujaa wa Wayunani na Warumi. Baada ya miaka mingi ndipo aliporuhusiwa kumtazama mtu aliye hai, na kwa wakati huo macho yake yalikuwa yamejaa mikono na masikio ya watu wengine. Nasi twaijua njia hii. Ni ile ya mtoto anakiliye kutoka ubaoni herufi kwa herufi, hata kosa la mwalimu akaliandika kwa mwandiko mzuri, wala asijue kilichoandikwa ni nini.

Venetsianov aliigeuza kazi. Siku za kwanza alimweka mwanafunzi mbele ya kitu chepesi: sanduku, bilauri, pembe ya chumba. Chora hicho. Hakuna picha ya kunakili. Kuna kitu, na kuna macho yako. Mstari wa meza waelekea wapi? Kiti kilicho mlangoni ni kidogo kiasi gani kuliko kilicho karibu nawe? Nuru yatoka wapi, na kivuli chaanguka wapi? Aliitilia mkazo mno elimu ya umbali, yaani jinsi kitu kinavyopungua kadiri kilivyo mbali, kwa maana alikuwa mpima ardhi, na jambo hilo lilikuwa mkononi mwake tangu ujana. Baada ya vyumba vitupu ndipo walipokuja watu ndani ya vyumba, na baada ya watu mashamba, maziwa na misitu. Ndiyo sababu wanafunzi wake wameacha picha nyingi sana za vyumba: jikoni, chumba cha kusomea, karakana ya fundi. Ni picha za watu waliofundishwa ya kuwa hapa ulipo pana mambo ya kutosha.

Mmoja wao alikuwa Nikifor Krylov, kijana fukara ambaye Venetsianov alimkuta akichora picha takatifu katika monasteri iliyo karibu na Safonkovo. Mwaka 1827 Krylov alitaka kuchora majira ya baridi. Jambo hili ni gumu kuliko lionekanavyo, maana katika baridi ya Urusi vidole hufa ganzi kabla ya saa kwisha. Mfanya biashara mmoja mwenye moyo mwema akamjengea kibanda chenye moto kando ya mto Tosna, si mbali na St. Petersburg, na Krylov akakaa humo akitazama nje na kuchora. Theluji yake si nyeupe tu. Ina rangi ya maziwa, na ya majivu, na mahali pengine ya samawati. Wanawake wanakutana njiani, mtu anamwongoza farasi wake, na nyuma yao pana msitu mweusi na anga nzito. Warusi walikuwa wamekaa katika theluji tangu zamani za babu zao, lakini wachoraji wao walikuwa wakichora jua la Italia. Krylov alikufa mwaka 1831, bado kijana.

Twarudi kwa picha za Venetsianov mwenyewe. Iliyo mashuhuri kuliko zote huitwa ‘Shamba Lililolimwa. Masika’. Mwanamke mrefu, miguu mitupu, anawaongoza farasi wawili wakikokota haro, yaani mti wenye meno wa kuvunja mabonge ya udongo. Ukingoni mtoto wake mdogo ameketi chini akichezea maua. Shamba ni tambarare, anga ni kubwa mno, na mwanamke anapita kati ya vitu hivyo viwili kwa hatua nyepesi kana kwamba haikanyagi ardhi. Picha ya pili, ya wakati wa mavuno, yamwonyesha mama aliyeketi akimpakata mtoto mchanga. Mundu umelazwa kando yake, na mbele yake shamba la nafaka limeiva likimeremeta katika joto. Iko na nyingine tunayoipenda zaidi ya hizo: mama na mwanawe, wote wavunaji, wamesimama wakitazama vipepeo wawili waliotua juu ya mkono wa mama. Hawatikisiki, wasije wakawafukuza. Mama ni Anna Stepanova, na mtoto ni Zakhar, ambaye Venetsianov alimchora pia peke yake mwaka 1825: kofia kubwa, shoka begani, na uso wa mtu mzima mwenye mawazo.

Hapa yafaa kusema neno la kumlaumu. Mwanamke yule wa masika amevaa vazi refu la rangi ya waridi ambalo hakuna mkulima awezaye kuvaa shambani siku ya haro. Watoto ni wanono, udongo hauna matope, wala mgongo wa mtu hauumi. Katika picha zake hatuoni fimbo ya msimamizi, wala kijana anayepelekwa jeshini huku mama yake akimshikilia, wala njaa ya kabla ya mavuno. Je, Venetsianov hakuyaona hayo? Aliyaona, yalikuwa mlangoni pake. Aliyeapa kuchora kitu kama kionekanavyo alichagua kuyapa mgongo mambo kadha wa kadha yaliyoonekana kila siku. Wengine wamemtetea wakisema ya kuwa kumpa mtwana uso, na jina, na utulivu kama wa watakatifu katika picha za kanisani, lilikuwa tendo kubwa katika nchi ambako mtu yule aliuzwa. Sisi twaukubali utetezi huo nusu. Anna Stepanova apewa heshima katika picha ambayo wengi wa watu wa hali yake hawakupewa kabla yake. Lakini heshima ile ilikaa ndani ya turubai, na jioni Anna alirudi kuwa mali ya mtu.

Tena tukumbuke ya kuwa jambo asilolichora hakuliacha bila kulishughulikia. Miaka ya baadaye ya maisha yake ilijaa barua na safari na maombi kwa mabwana, akiwabembeleza wawape wanafunzi wake uhuru. Wengine walikubali kwa fedha. Ndipo Venetsianov alipokwenda kuchangisha kwa marafiki, na kwa Chama cha Kuwasaidia Wachoraji kilichokuwa St. Petersburg. Kwa njia hii Fyodor Slavyansky, aliyezaliwa mtwana, alipata uhuru, akawa mchoraji mwenye cheo. Shamba la Safonkovo likawekwa rehani. Aliomba kazi ya kufundisha katika Akademia, asiipate. Karl Bryullov aliporudi kutoka Italia na umaarufu wake wote, baadhi ya vijana wa Venetsianov, akiwamo Alexei Tyranov aliyekuwa mmoja wa hodari, walimwacha mwalimu wao wakaenda kwa mwenye jina kubwa. Hatuwalaumu sana. Kijana aliyeonja umaskini hufuata njia ionekanayo kuwa fupi.

Hata hivyo Bryullov na Venetsianov walishirikiana katika jambo moja ambalo laonyesha tabia ya kila mmoja wao. Palikuwa na mtwana kijana, Taras Shevchenko, mtu wa Ukraine, aliyezaliwa mwaka 1814, ambaye bwana wake Engelhardt alimweka kwa fundi wa rangi mjini St. Petersburg. Wachoraji walikiona kipawa chake wakataka awe huru. Shevchenko mwenyewe ameisimulia habari hii baadaye katika hadithi aliyoitunga. Bryullov alikwenda kwa Engelhardt akarudi amekasirika, akimwita mnyama. Kisha akaenda Venetsianov, mzee mpole. Akawekwa chumba cha nje angoje. Akangoja. Alipoitwa alianza kusema habari za elimu na huruma na hisani, hata bwana akamkata maneno na kumwambia aseme wazi anataka nini, kwa maana yeye shida yake ni fedha. Bei ikatajwa: rubli 2500. Bryullov akachora picha ya Zhukovsky, mshairi aliyekuwa mwalimu wa mrithi wa ufalme. Picha ikachezewa bahati nasibu, fedha ikapatikana, na mwaka 1838 Shevchenko akapewa hati yake. Mtu huyo ndiye aliyekuwa mshairi mkuu wa Ukraine. Uhuru wake ulidumu miaka tisa tu. Mwaka 1847 alikamatwa kwa ajili ya mashairi yake, akapelekwa mbali kuwa askari, na Kaisari Nicholas wa Kwanza akaamuru asiruhusiwe kuandika wala kuchora.

Lakini si kila bwana alikuwa na shida ya fedha. Karibu na Safonkovo, penye ziwa Moldino, palikuwa na shamba liitwalo Ostrovki, mali ya jamaa ya Milyukov, waliokuwa marafiki wa Venetsianov. Walikuwa watu waliosoma, wapenda vitabu na picha. Miongoni mwa watwana wao alikuwamo Grigory Vasilyev, aliyezaliwa mwaka 1823, ambaye watu walimwita Soroka, jina la ndege mmoja wa jamaa ya kunguru, mwenye rangi nyeupe na nyeusi. Tangu mwaka 1842 hivi kijana huyu akawa mwanafunzi wa Venetsianov, na kwa maoni yetu ndiye aliyemwelewa mwalimu wake kupita wote.

Mwaka 1844 alichora chumba cha kusomea katika nyumba ya Ostrovki. Mbele kabisa iko meza ya bwana, na juu yake vitu vya bwana: kihesabio cha shanga, mishumaa, na fuvu la kichwa cha mtu, kama wasomi wa siku zile walivyopenda kuliweka ili kukumbuka mauti. Nyuma ameketi mtoto akisoma kitabu. Kila kitu kimepewa nafasi yake na nuru yake, wala hakuna kilichodharauliwa. Mtazamaji asiyejua aliyeichora adhani ni kazi ya mtu wa nyumbani. Alikuwa mtu wa nyumbani kweli, ila katika hesabu za bwana aliandikwa upande mmoja na ng’ombe.

Venetsianov alimwomba Milyukov ampe kijana uhuru, apate kuendelea na masomo. Akaomba tena. Milyukov hakukubali. Hakumpiga Soroka, wala hakumkataza kushika brashi. Wala haikuwa kazi ya kutaja bei. Aliona tu ya kuwa mtu wake amfaa zaidi nyumbani, akamtia katika kazi ya bustani. Twamwona huyu kuwa mgumu kuliko Engelhardt. Yule mwenye tamaa alikuwa na mlango, na mlango wake ulifunguliwa kwa rubli 2500. Bwana mpole aliyeridhika na wema wake mwenyewe hakuwa na mlango wa kubisha.

Mwezi wa Desemba mwaka 1847 Venetsianov alikuwa njiani kwenda Tver kwa gari la theluji, akiwa na kazi aliyoichora kwa ajili ya kanisa. Kwenye mteremko mkali wenye barafu farasi walishindikana, wakatimka. Mzee akatupwa nje, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 67. Soroka alikuwa na miaka 24, na mtu pekee aliyemwombea kwa mabwana hakuwapo tena.

Miaka ikapita. Soroka alichora picha za kanisa na nyuso za majirani, akalima bustani. Mwaka 1861 Kaisari Alexander wa Pili alitoa amri ya kuwaacha huru watwana wote. Kengele zililia, watu wakashukuru. Kisha wakasomewa masharti. Mashamba waliyolima wao na baba zao hayakuwa yao. Watapewa sehemu, mara nyingi ndogo kuliko waliyoilima kwanza, na gharama yake watailipa kwa miaka 49. Vijiji vingi havikuamini. Walisema hii si amri ya Kaisari yenyewe, mabwana wameificha ile ya kweli. Watu wa kwao Soroka nao waligombana na Milyukov juu ya ardhi, wakahitaji mtu wa kuwaandikia malalamiko yao yafike kwa Kaisari. Soroka alijua kalamu. Zaidi ya hayo, alikuwa amefundishwa na mwalimu wake kutazama kitu kilicho mbele yake na kukiandika kama kilivyo, bila kukipunguza wala kukipamba.

Mwaka 1864 alikamatwa, akashitakiwa kwa ufidhuli na kueneza habari za uongo, akahukumiwa kuadhibiwa. Mwezi wa Aprili mwaka ule ule alijinyonga. Alikuwa na miaka 40.

Jambo hilo la mwisho twalitaja kwa huzuni, wala hatusimami kuwa mahakimu wake. Wako waliosema katika siku zile, na maneno kama hayo tumeyasikia na kwingine, ya kuwa kosa lilikuwa la mwalimu: asingalimfumbua macho, Soroka angalikaa na jembe lake akafa mzee. Sisi hatukubali. Milyukov hakumjua mtwana wake; Venetsianov alimjua; na kumjua mtu si kosa. Ila twadhani ya kuwa Venetsianov, kwa upole wake, aliwategemea mno rafiki zake. Alidhani mtu apendaye picha atampenda na aliyeichora. Alikula nao, akawaandikia barua nzuri, akangoja katika vyumba vya nje. Ukuta wa banda aliweza kuukata kwa msumeno ili nuru iingie, kwa kuwa banda lilikuwa lake. Ule mwingine ulikuwa wa jirani, naye akawa anabisha hodi hata akafa.

Picha za Soroka zilizosalia si nyingi. Moja huitwa ‘Wavuvi’, nayo imo katika Jumba la Makumbusho la Kirusi mjini St. Petersburg, jumba lile lile lenye picha ya banda la kupuria. Ni jioni, au labda asubuhi sana. Ziwa limetulia kabisa. Mvuvi mmoja yumo katika mashua, mwingine yupo ukingoni na ufito wake wa kuvulia, wala hawasemezani. Ng’ambo ya maji, katikati ya miti, iko nyumba nyeupe ya mwenye shamba, na chini yake kivuli chake ndani ya ziwa, kimechorwa kwa uangalifu ule ule, kila dirisha mahali pake.